Kitufe cha Marehemu

Wengi tunaijua gemu ya vibandani: mpira, ngumi, mbio za magari, na vijana waliojipanga kusubiri zamu. Ukimwambia mtu kwamba gemu inaweza kumliza mtu mzima, atakutazama mara mbili. Nami nisingesadiki, kama si Brothers: A Tale of Two Sons, iliyotoka mwaka 2013 chini ya uongozi wa Josef Fares, mtengeneza filamu aliyezaliwa Beirut na kuhamia Sweden akiwa mtoto.

Kisa chenyewe ni chepesi, mithili ya ngano. Baba yu mahututi. Wanawe wawili, Naia mkubwa na Naiee mdogo, wanafunga safari kwenda kuchota maji ya Mti wa Uzima ili wamponye. Mama yao alikufa maji mbele ya macho ya mdogo, na tangu hapo mdogo haogelei; penye kina humng'ang'ania kaka yake mgongoni. Wanazungumza lugha ya kubuni isiyo na wenyewe popote, hivyo mchezaji wa Tanga na wa Stockholm wako sawa: wote wanaelewa kwa sauti na ishara.

Ufundi wake umewekwa mikononi mwa mchezaji. Upande wa kushoto wa pedi, kijiti pamoja na kitufe chake, ni wa kaka. Wa kulia ni wa mdogo. Mwanzoni vidole hugombana, huyu akienda mbele yule anajigonga ukutani. Ukishazoea, unasahau kwamba unawaongoza watu wawili.

Kisha kaka anachomwa na kujeruhiwa vibaya. Mdogo anakwea mti, anarudi na maji, anamkuta ameshakata roho. Gemu haikuruhusu kutazama kwa mbali: wewe ndiye unayemburuta hadi kaburini, wewe ndiye unayemfukia. Sisi tuliozoea kumtupia marehemu udongo kwa mikono yetu tunaijua maana yake. Kuna habari ambazo akili huzikataa mpaka kiganja kizikubali kwanza. Toka hapo, upande wa kushoto wa pedi hauna kazi. Kidole gumba kinasukuma kijiti, na hakuna anayetembea.

Karibu na nyumbani maji yamezuia njia. Unabonyeza kitufe cha Naiee, hataki kuingia. Unabonyeza tena, hataki. Ni mpaka ubonyeze kile cha marehemu ndipo anapojitosa na kuogelea. Mbele kuna wenzo mzito asiouweza. Kitufe ni kile kile.

Hapo niliiweka pedi chini nikamkumbuka kaka yangu, aliyekuwa msemaji wa ukoo wetu. Alipofariki, posa ya kwanza iliyofuata nilisukumwa mimi kuzungumza. Nilisimama nikitetemeka, nikajikuta nawataja wazee mmoja mmoja kwa heshima zao, natulia, ndipo naingia kwenye jambo. Hakuwahi kunifunza hayo. Miaka yote nilikuwa nimeketi nyuma yake. Mwana hutazama kisogo cha nina, na mdogo hutazama cha kaka: Naiee aliyekuwa akivushwa mgongoni alikuwa pia akiona jinsi mikono inavyopiga maji.

Waombolezaji huambiwa wajikaze, wasahau, maisha yaendelee. Ushauri huo una huruma, lakini unakosea njia. Naiee havuki kwa kumsahau kaka yake. Anavuka kwa kufanya alichokuwa akikifanya yeye. Wala maumivu hayaishi kwa kuvuka. Baba anapona, na tunamwona mwisho akilia makaburini. Msiba haulipwi fidia, hata na dawa iliyopatikana.

Arobaini ikipita huwa tunaketi kugawa mirathi: shamba, nyumba, hata nguo. Lakini kuna fungu la pili, la yale marehemu aliyokuwa akiyafanya, na hilo halina kadhi wala hakimu wa kuligawa. Hulipata aliyekuwa karibu, na aliye mbali hulikosa hata kama ni mtoto wa kuzaa. Ndiyo maana siku hizi nikiitwa kikaoni huenda na kijana wa marehemu, nikamkalisha pale anaponiona vizuri. Kikao kijacho, salamu za ukoo atazitoa yeye.