Mume na Mke Njiani: Kutoka Kindu Hadi Nyangwe

Mke wangu nami tumeoana miaka thelathini sasa. Katika miaka hiyo tumesafiri pamoja mara nyingi. Lakini nilipohesabu safari zetu niliona kwamba kila moja ilikuwa ya matanga, au ya mgonjwa, au ya kumpeleka mtoto shuleni. Safari ya kutembea tu, ya kuona nchi na kupumzika, hatukuwahi kuifanya hata mara moja.

Jambo hili lilianza kwa picha. Mtoto wetu alikuwa akituonyesha picha za nchi ya Italia: vijiji vitano vilivyoshikamana na majabali kando ya Bahari ya Mediterania, ambavyo wenyeji huviita Cinque Terre, yaani Nchi Tano. Reli hupita katika mahandaki ndani ya majabali hayo, na njia za miguu hupita juu, kati ya mizabibu na bahari. Mume na mke hushuka kwenye gari la moshi katika kijiji kimoja, hutembea polepole hadi cha pili, hula samaki, hulala, na kesho yake huendelea. Mke wangu alizitazama picha zile kwa muda mrefu, kisha akasema: "Baba watoto, hao wana bahari, sisi tuna Lualaba. Wana reli, nasi tuna reli. Mbona sisi tunasafiri kwa ajili ya kuzika tu?"

Sikuwa na jibu. Basi, kiangazi kilipofika tuliuliza kwanza habari za njia, kwa maana katika Maniema ya kusini amani haikai kila mahali wala kila mwaka. Tulipoambiwa kwamba kule tuendako ni shwari, tulifunga mizigo yetu na kwenda stesheni ya Kindu.

Reli hii ilizaliwa na mto wenyewe. Kutoka Ubundu hadi Kindu maji ya Lualaba ni mapana, na vyombo hupita vizuri. Lakini juu ya Kindu kuna maporomoko, na karibu na Kongolo mto hubanwa na mawe mahali ambapo Wazungu walipaita Milango ya Jehanamu. Kwa sababu hiyo njia ya chuma yenye urefu wa kilomita 355 ilitandikwa kutoka Kindu hadi Kongolo, ikawa tayari mwaka 1911. Siku hizi gari la moshi hupita mara chache, na mwenye kulingoja huja na mkeka, sufuria na subira. Sisi tulilala stesheni usiku wa kwanza, tukalala usiku wa pili. Siku nyingine ningalikasirika na kurudi nyumbani. Lakini mke wangu alikwisha kupika wali, na jirani zetu wa mkekani walikwisha kutuletea samaki. Nilipoanza kunung'unika aliniuliza: "Kwani unachelewa wapi?" Kumbe, sikuwa nachelewa popote. Hapo ndipo nilipoanza kupumzika.

Asubuhi ya siku ya tatu gari likaja. Tuliketi kati ya magunia ya mchele, vidumu vya mawese na mbuzi wawili, tukaona vijiji na majani marefu yakipita polepole, tukapita Kibombo, tukashuka Samba. Toka hapo tulipanda pikipiki mbili, tukavuka Lualaba, na jioni tukaingia Kasongo tumejaa vumbi jekundu kama matofali.

Kasongo ni mji wa kutembelewa bila haraka. Hamed bin Muhammed, ambaye wengi wamjua kwa jina la Tippu Tip, aliufanya makao yake tangu yapata mwaka 1875. Mji wa wakati wake ulikuwa mahali paitwapo Tongoni, na tongo kwa Kiswahili ni mahame, yaani mahali palipohamwa na watu. Wafanyabiashara waliotoka pwani walileta mpunga, ambao mpaka leo ni chakula na mali ya Maniema. Walileta Kiswahili, ambacho watoto wa Kasongo wananyonya pamoja na maziwa ya mama. Lakini walileta pia bunduki na mnyororo. Mgeni asichague kusikia habari moja na kuziba masikio kwa nyingine, maana zote mbili ni za mji ule ule.

Baada ya kupumzika siku mbili tulishika njia ya Nyangwe kwa miguu. Nakiri kwamba hapo nilipata somo. Saa moja ilikuwa haijaisha nilipogeuka nyuma, nikamwona mke wangu yu mbali, ana kikapu mgongoni, kamba yake kipajini, na dumu la maji mkononi. Mimi nilikuwa nimebeba mwavuli. Nikamwita afanye haraka. Alipofika alitua kikapu chini, akasema kwa upole: "Ukitaka kufika peke yako, nenda. Lakini ulisema tutatembea pamoja."

Nikaona haya. Miaka thelathini tumekwenda mashambani na sokoni namna ile, mimi mbele, yeye nyuma na mzigo, wala sikuwahi kujiuliza neno. Tukagawanya vitu vyetu: mimi nikachukua kikapu, yeye akachukua dumu na mwavuli. Katika kijiji kilichofuata watu walitoka kutuangalia. Mzee mmoja aliyeketi barazani aliniuliza kama mama ni mgonjwa. "Si mgonjwa, mzee," nikajibu, "tuko likizoni." Mkewe, aliyekuwa akichambua mchele kando yake, alimgeukia akasema: "Umesikia, baba?" Tukacheka wote wanne. Usiku ule tulilala kwao, tukala wali na sombe, wala hawakukubali kupokea malipo.

Tulitembea siku tatu. Njia hupita katika nyasi ndefu, kisha hushuka penye msitu mwembamba na kijito, kisha hupanda tena. Mwenda pole hajikwai, na tena huona mengi. Tulipumzika kila tulipopenda. Lakini kadiri tulivyokaribia Nyangwe ndivyo tulivyozidi kuwafikiri waliopita kabla yetu. Kutoka Nyangwe hadi pwani, hata kama njia ingenyooka kama uzi, ni zaidi ya kilomita 1,400. Watu wa Maniema waliitembea, wengine wakiwa wapagazi, wengine wakiwa wamefungwa shingo. Kati ya hao waliofungwa, mume hakuchagua aende wapi, wala mke hakuchagua atembee na nani. Wazao wao wako Ujiji hata leo, na mjini Dar es Salaam kuna msikiti uitwao wa Manyema. Sisi wawili tulikuwa tukitembea kwa hiari yetu, na tulipochoka tuliketi. Hilo nalo ni jambo la kushukuru.

Nyangwe iko juu ya ukingo wa Lualaba. Asiyejua habari zake ataona kijiji cha wakulima na wavuvi, basi. Lakini tangu yapata mwaka 1860 ulisimama hapo mji wa wafanyabiashara wa pwani, na soko lake lilijulikana nchi nzima. Wanawake ndio waliokuwa wenye soko. Walivuka mto kwa mitumbwi ya Wagenya, wakileta samaki, kuku, chumvi, mawese, vyungu na muhogo, wakapatana bei kwa kelele na vicheko.

David Livingstone alifika hapo mwishoni mwa Machi 1871, akitafuta kujua kama Lualaba ni mto Nili. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Akaandika habari zake juu ya gazeti la zamani kwa wino wa mimea, na maandiko hayo yalififia hata hayakusomeka. Mwaka 2011 wataalamu waliyafanya yasomeke tena kwa msaada wa mwanga wa namna mbalimbali. Katika kurasa hizo imo siku ya Julai 15, 1871. Watu wapata 1,500 walikuwa sokoni. Watu watatu wa mfanyabiashara mmoja waliingia na bunduki, mmoja akagombana juu ya bei ya kuku, na punde wakaanza kupiga risasi. Wanawake walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazama, na wengi wakachukuliwa na maji. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba waliokufa ni kati ya 330 na 400. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliwasha hasira, na mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alilazimishwa kulifunga soko la watumwa. Cameron alifika Nyangwe mwaka 1874, na Stanley mwaka 1876. Ni Stanley aliyeufuata mto hadi baharini, akafika mwaka 1877, ikajulikana kwamba si Nili bali ni Kongo. Mwaka 1893 askari wa Dhanis waliuteka mji, na vita vile vikauharibu.

Mke wangu ni mchuuzi wa samaki huko Kindu. Habari hizo nilimsimulia tukiwa tumeketi ukingoni, naye hakusema neno. Baadaye tulikuta wanawake wameweka bidhaa zao chini ya mti: ndizi, samaki wakavu, mawese, na kuku watatu waliofungwa miguu. Mke wangu alimshika kuku mmoja, akauliza bei. Akaambiwa. Akapiga kelele kwamba bei hiyo ni ya mbuzi. Mwenye kuku naye akapaza sauti, akasema kuku wake huyo ana ukoo kuliko mgeni. Mimi nilisimama nyuma, na nakiri kwamba moyo wangu ulishtuka, kwa sababu ya yale niliyotoka kusimulia. Lakini wanawake wote walianza kucheka, bei ikapatikana, na yule mwenye kuku akaongeza ndizi mbili bila kuombwa. Tulipokuwa tukiondoka mke wangu aliniambia: "Nilikuwa na kitoweo cha kutosha. Nilitaka tu kununua kuku Nyangwe na kwenda zangu."

Tulirudi kwa mtumbwi. Wagenya walitushusha polepole juu ya maji mapana hadi upande wa Kibombo, nasi tukatembea hadi stesheni, tukatandika mkeka wetu, tukangoja. Kuku tulimla hapo pamoja na wenzetu wa safari.

Wasomaji wapenzi, si lazima mtu awe tajiri ili aone nchi yake. Chagueni kiangazi, ulizeni kwanza habari za usalama, chukueni chandarua na maji safi, na mfikapo kijijini nendeni kwanza kumsalimu mkuu wake. Gaweni mizigo sawasawa kabla ya kuondoka, msingoje kama mimi hadi mke aketi njiani. Wala msingoje matanga ndipo msafiri pamoja. Nyumbani kwetu kikapu kile sasa kimetundikwa karibu na mlango. Mke wangu amekwisha kuuliza njia ya Kabambare ikoje.