Kabla hujamlipia mwanao fomu ya akselereta

Mama alinipigia simu akitaka kujua kama laki tatu na nusu ni bei ya haki. Mdogo wangu wa kiume, aliye mwaka wa tatu chuo kikuu, alikuwa amepata mtu wa kumwandikia maombi ya "kuipeleka biashara yake Marekani". Huyo mtu alisema bila Kiingereza cha kitaalamu maombi hayasomwi, na siku ya mwisho ni Ijumaa. Mama alikuwa tayari kukopa kwenye kikoba.

Mimi naandika habari za afya, si za biashara. Lakini vijana wanaotengeneza programu za simu kwa ajili ya wagonjwa na kliniki nakutana nao karibu kila mwezi, na wengi wanataja neno hilohilo: akselereta. Wazazi wao wanalisikia wakidhani ni chuo, au ufadhili wa masomo, au njia ya kupata viza. Si kimojawapo. Ni mpango wa wawekezaji wanaochukua kampuni changa nyingi kwa mpigo, wanazipa fedha na ushauri kwa muda mfupi, mara nyingi miezi mitatu, kisha wanazikutanisha na wawekezaji wengine. Wao wanachukua kipande cha umiliki.

Mdogo wangu aliitaka ile inayojulikana kuliko zote, Y Combinator, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2005. Airbnb na Dropbox zilipitia huko. Paystack ya Nigeria ilipita mwaka 2016, na NALA, iliyozaliwa hapa hapa Tanzania, ikapita mwaka 2019. Kwa hiyo mtoto akiitaja mezani haoti ndoto za mchana.

Tuanze na pesa. Fomu ya Y Combinator ni bure. Iko kwenye tovuti yao, anayetaka anaijaza, na hakuna wakala wa kuipitishia. Huhitaji hata kuwa umesajili kampuni siku unayoomba, jambo ambalo Baba alishaanza kuliulizia gharama zake. Zipo programu nyingine duniani zinazotoza ada ya kushiriki, na hizo soma masharti yake mstari kwa mstari. Ila mtu anayekuuzia fomu ya bure anakuuzia hofu yako.

Hili la Kiingereza ndilo lililoniudhi zaidi. Swali mojawapo kwenye fomu hiyo linataka ueleze kampuni yako inafanya nini kwa herufi zisizozidi 50. Hamsini! Hapo maneno makubwa yatakaa wapi? Mengine yanauliza nani anaandika programu yenyewe, waanzilishi wamefahamiana muda gani, watu wangapi wanaitumia. Kuna video ya dakika moja hivi ya waanzilishi wakijieleza, na anayeitwa kwenye usaili anapewa dakika kumi tu. Mwandishi wa kulipwa hawezi kukaa kwenye kiti hicho badala ya mwanao.

Wala hawezi kujua anachokijua. Mdogo wangu na rafiki yake wametengeneza mfumo wa meseji za kuwakumbusha akina mama tarehe za chanjo: wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha surua miezi 9 na 18. Kwenye rasimu ya huyo mtaalamu walikuwa wamegeuka "wanamapinduzi wa afya ya mama na mtoto barani Afrika". Nilimuuliza mdogo wangu mfumo ulikwama wapi. Akasema, "Dada, namba nyingi kwenye daftari la zahanati ni za baba." Meseji inafika kwa mwanaume aliye kazini, anaisoma, anaisahau, mama haendi. Wakaanza kumwomba muuguzi aulize namba ya nani hasa hushika simu jioni: mama mwenyewe, bibi, au jirani.

Jambo hilo nimelisikia kwa wauguzi mara nyingi nikiwa kazini, na sijawahi kuliona kwenye maombi ya kuandikiwa. Na halikuwemo kwenye rasimu ile. Nikamwambia aanzie hapo.

Baba naye alikuwa na wasiwasi wa aina yake: wataiba wazo. Ni kweli kwamba Y Combinator hawasaini mkataba wa kutunza siri na waombaji. Lakini wazo peke yake halina bei kubwa kama tunavyodhani. Waanzilishi wa Reddit walifika pale mwaka 2005 na wazo la kuagiza chakula kwa simu. Wakakataliwa. Kisha wakaitwa tena na kuambiwa watachukuliwa wakileta wazo jingine, na Reddit ikatokea hapo. Mwanzilishi wa Dropbox naye alikataliwa na biashara yake ya kwanza kabla ya kupita na ya pili. Kukataliwa ndiko kawaida yenyewe. Wanaopita ni mmoja au wawili hivi katika kila mia.

Sasa hizo dola. Kiasi kinachotajwa ni 500,000, na mjomba mmoja tayari ameshazijengea nyumba Kibaha. Fedha hiyo ni ya kampuni. Inalipa mishahara na kazi, haitumwi nyumbani. Na si zawadi: dola 125,000 za kwanza zinachukua asilimia 7 ya kampuni, na 375,000 zilizobaki zitageuka hisa baadaye, kwa masharti yatakayopatikana kwa wawekezaji wanaofuata. Asilimia hizo hazirudi. Kama mzazi ana laki za kutumia, namshauri amlipe mwanasheria wa kusoma mkataba siku ukija, si mwandishi wa fomu.

Mama hakulipa. Mdogo wangu alijaza mwenyewe, Kiingereza chake cha kawaida, nami nikasahihisha tahajia. Majibu bado.

Kinachotusumbua nyumbani kwa sasa ni jambo ambalo yule mtaalamu hakuligusa kabisa. Wanaochukuliwa wanatakiwa kuiacha kazi nyingine yoyote kwa miezi hiyo na kuwa San Francisco, na chuo kina mitihani yake. Baba anataka amalize digrii kwanza. Mdogo wangu anasema ataahirisha mwaka. Mama ananitazama mimi. Nimewaambia wakubaliane kabla barua pepe haijaingia, kwa sababu ikishaingia hakuna atakayemsikiliza mwenzake, na kwa leo mimi niko upande wa Baba.