Ubeti wa Mwisho

Malenga wetu wa pwani wana desturi kongwe. Afikapo mmoja wao kwenye kaditama, hutaja jina lake au lakabu yake, na pengine mtaa anakotoka, humo humo ndani ya vina na mizani. Nilipokuwa kijana nilidhani ni majivuno. Leo nimekuwa mtu mzima, na najua kuwa ule ubeti wa mwisho ni hati ya milki. Shairi huimbwa, huazimwa, husafiri kutoka kisiwa hadi kisiwa. Lakini mwenyewe amejifungia ndani yake, na atakaye kumtoa hana budi kuivunja nyumba.

Nimeyakumbuka haya kwa kuwa nasikia wakubwa wa makampuni wakiulizana: tufanye nini ili wafanyakazi wetu wabuni mambo mapya? Hutundikwa sanduku la maoni, likatiwa kufuli. Hutangazwa zawadi ya mwisho wa mwaka. Mimi nina jibu langu, wala silitoi kwa fahari, maana nililipata kwa kumdhulumu mtu.

Nilikuwa karani wa ghala katika kampuni moja ya kusafirisha mizigo kutoka Unguja kwenda Pemba. Magunia ya Mkoani, ya Chake na ya Wete yalikuwa yakichanganyika, na kila chombo kilipotia nanga watu walipoteza saa nzima wakiyapekua. Miongoni mwa mahamali wetu alikuwapo mzee mmoja asiyejua kusoma. Siku moja alinijia, akanambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, maandishi yako usiku hayaonekani, na wengi wetu hatuyajui. Tufunge vitambaa. Chekundu Mkoani, cheupe Chake, kijani Wete." Mkononi alikuwa na vipande vya kanga kuukuu, amekwisha kuvikata.

Nililipeleka wazo lile kwa mkuu wetu. Aliponiuliza limetoka kwa nani, nilinyamaza kidogo, kisha nikasema nimelifikiri mwenyewe. Nilisifiwa mbele ya watu, nikaongezewa mshahara. Mzee alikuwapo, amesimama mlangoni na kamba begani. Alinipa mkono, akasema, "Umefanya vyema, mwanangu." Nilijituliza kwamba hakuumia.

Masika ya mwaka wa pili maji yaliingia ghalani, unga mwingi ukaharibika. Tulipokuwa tukiyatoa magunia, nilimsikia mzee akimwonyesha mwenzake mahali ukuta wa nyuma ulipopasuka. Kumbe aliuona ufa ule tangu kaskazi. Nikamuuliza kwa hasira kwa nini hakusema. Alinitazama kwa upole ulionichoma kuliko tusi: "Msemaji wetu si wewe, karani? Nilidhani utauona."

Siku hiyo ndipo nilipofahamu kwamba sikumwibia wazo moja tu, bali niliyafunga na yale yote yaliyokuwa bado hayajazaliwa. Na hakunyamaza peke yake. Mahamali wenzake walikuwa wameona yote, nao wakafunga vinywa. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mimi nilimnyonga, na haki nikaichukua.

Baadaye nilisoma habari za kampuni ya 3M ya Marekani. Mwaka 1968 mwanakemia wake, Spencer Silver, alikuwa akitafuta gundi kali, akapata dhaifu: inashika, lakini inabanduka bila ya kuacha alama. Haikuwa na kazi yoyote. Hata hivyo hakuzuiwa kuizungumzia, na kwa miaka aliwaeleza wenzake kila alipopata nafasi. Mmoja aliyemsikiliza ni Art Fry, aliyekuwa akiimba kwaya kanisani, na vijikaratasi vyake vya kuwekea alama vikimdondoka kitabuni. Mwaka 1974 aliikumbuka ile gundi isiyo na kazi. Kampuni ilikuwa na desturi ya kuwaachia watu wake asilimia 15 ya muda wa kazi wafuate mawazo yao, naye akautumia muda huo. Mwaka 1980 vijikaratasi vya Post-it viliingia sokoni kote Marekani, na leo vimebandikwa katika ofisi zetu pia.

Wengi husimulia kisa hiki kwa ajili ya ile asilimia 15. Muda ni kweli una thamani yake, na uvumilivu wa kuiacha gundi mbovu iendelee kuzungumzwa una thamani zaidi. Lakini kilichonigusa mimi ni kwamba kisa husimuliwa kwa majina mawili. Fry ndiye aliyeona matumizi, ila gundi imebaki kuwa ya Silver. Kisa hicho kina ubeti wake wa mwisho.

Basi nikiulizwa leo, nitasema hivi: mwulize mfanyakazi, hata awe hamali, mjibu, hata kama jibu ni hapana, na umwambie sababu, na wazo lake likifaa, litaje kwa jina lake mbele ya watu. Zawadi ije baadaye. Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwanza aonekane kuwa ndiye anayecheza.

Mzee amekwisha kutangulia mbele ya haki. Nilikwenda kwa wanawe nikakiri. Walinisamehe, wakaniomba nisilitie jina la baba yao gazetini, bali niende nikaseme pale pale niliponyamazia. Nikaenda. Mahamali wa sasa ni vijana, na vitambaa wanavifunga bado, wakidhani ni mtindo wa tangu na tangu. Nikawatajia jina la aliyevikata.