Sayari Nyingine kwa Matatu

Embu alfajiri ni baridi ya sweta, na stejini makanga wanaita, "Chuka, Chogoria, Meru! Wawili tu!" Wawili hao hawapatikani upesi. Unakunywa chai ya tangawizi, unamaliza mandazi, na gari bado linangoja wawili. Hakuna anayenuna. Mama wa kiti cha pili amepakata kikapu cha vifaranga, na wakianza kulia anawatuliza huku akiniuliza natoka wapi, nimekula au la.

Baada ya Runyenjes barabara inatumbukia mtoni, inapanda, inatumbukia tena, maana kila mto unaoshuka Mlima Kenya umejichimbia bonde lake. Majani chai, kahawa, migomba. Begini nina riwaya kuukuu ya Edgar Rice Burroughs, A Princess of Mars, ya Mmarekani John Carter aliyejikuta Mirihi kati ya majitu ya kijani yenye mikono minne. Ilianza kutoka kwa mfululizo katika jarida la The All-Story mwaka 1912. Mwaka huohuo, jarida hilohilo likachapa hadithi yake ya Tarzan. Burroughs hakuwahi kukanyaga Afrika. Sayari na bara vyote alivibuni mezani, na kwa maoni yangu Mirihi ilimtoka vizuri zaidi.

Chogoria inanukia moshi wa kuni na udongo mbichi. Wenyeji wanakusalimu "Muga!" hata kama hamjuani, kisha wanakutafutia Landrover. Njia ya msituni ni matope. Tuliteleza, tukashuka, tukasukuma, tukacheka. Kwenye mianzi kuna kinyesi cha tembo ambacho bado kinafuka mvuke, na hapo kicheko kilipungua.

Juu ya lango la hifadhi miti inakwisha, na kinachofuata ndicho nilichokuja kukitafuta. Nyasi zimesimama kwa mafungu, upepo unavuma bila kizuizi, na katikati yake kuna lobelia kubwa kuliko mbuzi. Nilipiga magoti penye moja. Majani yake yamepangana duara na kushika maji safi kama bakuli. Usiku uso wa maji hayo huganda, lakini chini yake chipukizi hubaki salama bila kuganda. Lobelia ya aina nyingine imesimama wima, imevaa manyoya ya kijivu, na maua ya buluu yamejificha ndani. Hiyo imepewa jina la Samuel Teleki, Mhungaria aliyeupanda mlima huu mwaka 1887. Ndege aina ya chozi alitua juu yake, akazamisha mdomo, akaenda zake. Hakuna jalada la riwaya za senti chache lililowahi kuchora kitu cha ajabu hivi.

Mirihi mvutano ni mdogo, ndiyo maana Carter aliruka hatua za kushangaza. Njia ya Ziwa Ellis ni kinyume chake: hewa ni nyembamba, hatua kumi, pumzika. Mawingu yalishafunika kilele cha Batian tulipofika ziwani, kisha mvua ya mawe ikatupiga. Tulijibanza chini ya mwamba tukila ndizi za kuchoma zilizopoa. Zilikuwa tamu mno.

Kuteremka, nilimsimulia mwongozaji wetu, Mmwimbi mcheshi aliyepanda mlima huu tangu ujana, habari za Carter. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mizigo yake ilibebwa na nani?"

Nikakiri kwamba alifika huko uchi, mikono mitupu.

"Basi huyo hangepita langoni," akasema, na akaharakisha mwendo, kwa kuwa hotelini Chogoria walikuwa wametuwekea mukimo na nyama ya mbuzi, na mwenye hoteli, kama alivyotuonya asubuhi, hafungi jikoni mpaka wageni wake wote wawe wameteremka.