Damu Ina Sauti

Tarehe 17 Juni 2025, jijini Nairobi, kijana muuza barakoa alipigwa risasi kichwani na polisi mwenye bunduki ya kutuliza ghasia. Hakuwa na silaha. Tarehe 30 akafariki. Tangu hapo neno "kutuliza" linanikwama kooni.

Hapa Ukunda nachunga mama mwenye mwana polisi na mama mwenye mwana anayeandamana. Wanakaa benchi moja. Katiba, Ibara ya 37, inamruhusu huyu kuandamana kwa amani. Mwanzo 4 inamwonya yule: damu ya Habili ililia kutoka ardhini, na Mungu akaisikia.

Usiku huu tuwaombee wote wawili. Na wewe mama wa askari, mpigie simu. Mwambie: mwanangu, huyo aliye mbele yako naye ana mama. Amina.