"Nilitoa pesa juu ya taa"

Leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya unga. Naleta kosa langu mwenyewe, na ndani yake kuna habari ya mchezo wa kompyuta wa kule Uingereza. Mnivumilie, mtaona namna mambo haya mawili yanakutana.

Katika kambi moja karibu na Kalemie, familia za wakimbizi wa ndani zilichanga pesa, kila nyumba franka 2,000. Komite, ambamo mimi ni karani, iliahidi vitu viwili: sola ya kuchaji simu, na taa moja kwenye njia ya kwenda vyooni usiku. Bei ya batri ikapanda. Tukanunua sola na batri, taa tukaiacha. Tuliona ni kitu kidogo, hatukumwambia mtu. Wiki tatu zikapita. Siku moja mama mmoja mjane, mwenye mabinti wawili, akanisimamisha njiani: "Karani, mimi sina simu. Nilitoa pesa juu ya taa."

Nilikosa jibu. Jioni nikamweleza mdogo wangu, ambaye anatengeneza kompyuta mjini. Akatikisa kichwa: "Yaya, mmefanya kama wale wa Elite." Ndipo akanipa habari hii.

Elite ni mchezo uliotoka mwaka wa 1984. Waliutunga vijana wawili waliosoma Cambridge, David Braben na Ian Bell. Mchezaji anaendesha chombo cha angani, ananunua na kuuza bidhaa kutoka nyota hadi nyota. Mwezi wa 11 mwaka wa 2012, kampuni ya Braben, Frontier Developments, iliomba mchango wa watu ili itengeneze Elite mpya, yenye jina Elite: Dangerous. Mchango ulipitia Kickstarter. Ni pahali kwenye intaneti ambapo mtu anaeleza kazi anayotaka kufanya na kiasi anachohitaji. Kiasi kisipofika, hakuna anayekatwa pesa. Kikifika, pesa inaenda kwa mwenye kazi, na waliochanga wanangoja. Wao waliomba pauni 1,250,000. Watu zaidi ya 25,000 wakatoa zaidi ya pauni 1,500,000.

Wakati wa kuchanga, watu waliuliza: na sisi tusio na intaneti nzuri? Kampuni ikajibu kwamba itawezekana kucheza peke yako bila kuunganishwa na mtandao. Sisi wa huku tunajua uzito wa jibu hilo. Mega zinaisha katikati ya neno, mvua ikinyesha mtandao unapotea. Kile kinachofanya kazi bila mtandao, hicho ndicho chako kweli.

Tarehe 14 Novemba 2014, kama mwezi mmoja tu kabla mchezo haujatoka, kampuni ikaandikia watu kwamba njia hiyo ya kucheza bila mtandao imeondolewa. Sababu yao ilieleweka: bei za bidhaa na matukio ya ule ulimwengu vinaongozwa na kompyuta za kampuni, na bila hizo mchezo ungekuwa mtupu. Ungeweza bado kucheza peke yako, lakini lazima uwe umeunganishwa.

Waliochanga wakagawanyika. Wenye intaneti ya nguvu hawakuona shida, na wengine kati yao wakawaambia wenzao waache kelele. Wengine walisikitika, wakasema kazi ina mabadiliko yake, wakangoja. Lakini wengine waliwaka. Kuna waliokaa pahali ambapo mtandao ni dhaifu. Kuna waliouliza: siku kampuni itazima kompyuta zake, mchezo niliolipia utakuwa wapi? Wakadai pesa zao. Mwanzoni kampuni ilisema kwamba waliokwisha kucheza matoleo ya majaribio hawatarudishiwa. Na hao, mara nyingi, ndio waliotoa mapema na kutoa zaidi. Hasira ikapanda, wengine wakataja mahakama. Baadaye Braben akasema kila ombi litaangaliwa peke yake. Mchezo ulitoka tarehe 16 Desemba 2014, na watu wengi waliupenda. Lakini kupendwa kwake hakukumrudishia kitu yule aliyetoa pesa juu ya neno moja, "bila mtandao".

Nilisikiliza nikajiona. Sababu yao inaweza kuwa ya kweli. Hata bei ya batri yetu ilikuwa ya kweli. Kilichochoma watu ni kwamba aliyeshika pesa alijua kabla ya aliyetoa. Tena, aliyeshika pesa ndiye aliyeamua peke yake kitu gani ni kidogo. Sisi wanaume wa komite wote tuna simu. Hakuna hata mmoja wetu anayeogopa kupeleka binti chooni saa nane ya usiku. Na hata kwetu walikuwepo wa kusema: "Simu zinachaji, huyu mama anataka nini tena?"

Ni kweli, kuchanga si kununua dukani. Kazi inaweza kushindwa, na anayetoa anapaswa kujua hilo. Lakini hata katika likelemba, ambaye zamu yake inachelewa anajua mlango wa kubisha. Akikuta mlango umefungwa na watu wako ndani, hatasema tena habari ya pesa. Atasema habari ya heshima.

Siku ya Mungu iliyofuata tuliita mkutano. Nilisoma hesabu yote, bei ya batri na karatasi yake. Nikasema: taa tuliiondoa sisi, hatukuwauliza, na tulinyamaza wiki tatu. Tukatoa njia mbili. Aliyetoa pesa kwa sababu ya taa atarudishiwa franka zake 2,000 kutoka pesa za kuchaji simu. Anayekubali kungoja, pesa za kuchaji zitawekwa kando mpaka taa inunuliwe, na mama wawili wataingia katika komite kulinda sanduku.

Wengi walichagua kungoja. Yule mama alichukua pesa yake. Aliihesabu mbele yetu, akaifunga katika kitenge, akasema: "Nitairudisha siku nitaona taa inawaka."

Hakuna aliyemjibu, na hakukuwa na cha kujibu. Leo ninapoandika, sanduku limefika nusu ya bei ya taa. Njia ya vyooni bado ni giza.

Ni mimi mwandishi wenu, Kalemie.