Kambwa mu nyumba ya watu

Mukisikia neno mila munafikiri mara moja juu ya mahari, matanga ao kutawazwa kwa mwami. Sisi tunapenda kusema kidogo juu ya mbwa. Kulea mbwa nako kuna mila yake, na sisi tulianza na ile mbaya.

Kambwa kalifika kwetu Kasha kakiwa na miezi miwili. Bibi alikakubali kwa masharti: kasichafue nyumba, kasiguse dende zake. Dende (wenzetu wa Tanzania wanasema simbilisi) zinalala mu jikoni karibu na kuni, na zikiuzwa zinasaidia kulipa minervali ya watoto. Si kitu ya kuchezea.

Siku ya kwanza kalikojoa chini ya meza. Tukafanya vile tuliona wakubwa wakifanya: tukakashika shingo, tukasugua pua yake mule ndani, tukakachapa fimbo. Tuliendelea hivyo wiki mbili. Sisi tuliosoma pedagojia ku ISP, tunaowaambia walimu vijana kila mwaka kwamba fimbo haifundishi! Kambwa hakakuacha kuchafua, kalijifunza tu kujificha. Siku moja tukakakuta nyuma ya kabati kanakula mavi yake. Bibi akasema: "Iyi imbwa itoke."

Mama yetu alikuwa ametoka Kabare kututembelea. Alicheka. "Papa, inakula juu inakuogopa. Inaficha makosa yake. Utaipiga saa hii juu ya kitu ya asubui, itajuwa je?"

Akakachukua yeye. Kakiamka, kakimaliza kula, kakimaliza kucheza, alikabeba mpaka pale pale chini ya mugomba, anangoja bila kusema neno. Kakimaliza, anakapa kichwa cha sambaza hapo hapo, si baadaye. Mavi aliyaokota mbio kabla kambwa hakajageuka. Ndani ya nyumba aliosha vizuri ile fasi, akanyunyiza majivu, juu mbwa anarudi mahali anaposikia harufu yake. Kambwa ka umri ule hakawezi kujizuia usiku wote, basi usiku alituamsha sisi. Kisha mwezi hivi, nyumba ilikuwa safi.

Kwa dende alikafunga kamba, akakashibisha bugali kwanza, halafu akakakalisha mbele yao. Kila mara kakiacha kuziangalia na kumuangalia yeye, anakapa kitu. Lakini kambwa kalipoiba yai, alitaka kukatia mudomoni yai lililochemshwa, la moto, kama zamani. Tulikataa. Kuunguza mudomo ni fimbo ingine tu. Tukaanza kuokota mayai mapema, na bibi akavunja-vunja maganda kabla ya kuyatupa.

Ugomvi wenyewe ulikuja juu ya mutoto wetu mudogo. Akijichafua, mama alimuita kambwa kaje kulamba, na kuramba hata mutoto mwenyewe. Ndivyo sisi pia tulilelewa. Tulikuwa tumesoma habari ya Turkana, kaskazini ya Kenya, ambako mbwa walisafisha watoto hivyo hivyo. Mbwa hula matumbo ya mbuzi na kondoo yenye ugonjwa, minyoo inakomaa ndani yake, mayai yake yanatoka mu mavi na kubaki ku mudomo na manyoya. Mutoto akiyameza, vifuko vya maji vinaota ndani ya maini. Shirika la AMREF lilianza kupigana na ugonjwa huo kule mwaka 1983. Tulimueleza mama yote, pengine kwa sauti ya mwalimu kupita vile inafaa.

Alinyamaza sana. Halafu akasema: "Mulikuwa saba, mukabaki watano. Maji ilikuwa mbali, papa. Ningefanya je?"

Hatukuwa na jibu. Kesho yake aliomba ndoo na kopo ya kuosha mutoto, na kambwa kakafungwa inje.

Sasa kanakwaruza mulango saa kumi na moja ya asubuhi, na ni sisi tunaamka. Mama akipiga simu kutoka Kabare, anauliza kwanza dende zimebaki ngapi.